Ukingo wa Ngazi na Mama Mkwe

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo. Nyumbani kwa Papa Hippolyte, aliyesikia la mkuu ndiye aliyeponea chupuchupu, na mkuu mwenyewe alikuwa amejituliza kitini, koti lake la abakosti limefungwa vifungo hadi shingoni.

Germain, mume wa binti yake Bibiane, seremala wa karakana ya reli, alikuwa amesimamisha nguzo ndogo kumi na nne za mninga kandoni mwa ngazi. Ubao wa kushikia ulikuwa umelazwa tu juu yazo. Gundi mbichi, misumari bado.

"Papa, mutu asiishike mpaka kesho."

"We mutoto! Mimi nimejenga madaraja ya reli mpaka Nyunzu. Hii kazi imekwisha, njo hivyo." Akapaza sauti: "Philomène! Shuka uone kazi ya mukwe wako!"

Germain akasikia kandambili zikishuka. Kwa mila yao, mkwe hamtazami mama mkwe, sembuse kumgusa. Tangu amwoe Bibiane, miaka sita, alimjua mama huyu kwa sauti tu, na kwa sahani za samaki zilizopitishwa mlangoni. Akafanya alivyofundishwa: akaugeukia ukuta.

"Mama, usishike!" akauambia ukuta.

"Shika bila woga!" akanguruma Papa Hippolyte.

Mama Philomène alimtii mumewe. Ubao ukalia kaa! Nguzo zikamwagika sakafuni.

Germain hakukumbuka kugeuka. Alichokumbuka ni uzito: mama mkwe mzima mzima mikononi mwake, kifua kwa kifua, kilemba chake kimemwangukia yeye usoni. Mlangoni, Bibiane aliachia sinia la ugali. Hakuna aliyeinama kuliokota.

"Umemushika," Papa Hippolyte alinong'ona. "Umemushika mama ya bibi yako kwa mikono!"

"Ningemushika na nini, Papa? Na meno?"

"Usinicheke! Omba radhi, kisha ulete mbuzi mweupe tuoshe aibu hii. La sivyo Bibiane anabaki hapa, na wewe usikanyage tena."

Germain akamkalisha Mama Philomène kwenye kipandio, polepole, akaitazama miguu yake. Yote miwili ilikuwa mizima. Mama mwenyewe alikuwa amejifunika uso kwa viganja, akihema. Germain akasimama, akamgeukia Papa Hippolyte.

"Mbuzi nitaleta, Papa. Njo mila. Lakini radhi siombi. Leo siombi, na kesho siombi."