Sebule ya Mama Koplo

Mama Koplo alikuwa na sebule kubwa kuliko yangu, lakini chakula alikula kitandani. Sebule ilikuwa ya mtaa. Humo mlikaa viti vya plastiki vya chama chetu cha kusaidiana, vimepandana hadi darini, pamoja na masufuria ya shughuli, maturubai na spika moja yenye kikohozi. Paka wangu aliwahi kupotelea katikati ya vile viti; alipotoka alikuwa na wajukuu. Anayebisha amuulize paka.

Mambo yalianza na mumewe, koplo wa jeshi, aliyerudishwa kutoka vitani ndani ya sanduku wakati mama wa watu hajazoea hata kuitwa mke. Siku ya msiba watu walisimama juani kutwa, hakuna pa kukaa, mpaka mama mkwe wake akaanguka. Hapo Mama Koplo akaapa: popote atakapoishi, hakuna marehemu atakayeliliwa watu wakiwa wima.

Alipotolewa kwenye nyumba za jeshi akahamia kwetu. Akaanzisha chama, kikanunua viti kidogo kidogo. Akapigania bomba la maji, taa za barabarani, chekechea. Diwani mmoja alikuwa akimwona kwa mbali anageuza gari, hata kama barabara ni ya kwenda tu. Na miaka yote hiyo, mlangoni ni hodi, hodi. "Bibi, tupe viti." "Bibi, lile sufuria kubwa lipo?" Akazeeka akijibu hodi.

Mwaka huu, kwenye mkutano, akainuka kwa kushika meza.

"Nimechoka, wanangu. Uenyekiti chukueni. Ila ninachotaka hasa ni sebule yangu. Nikae kwangu kabla sijalazwa kwangu."

Tukapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Tukamchagua fundi cherehani awe mwenyekiti. Ilipofika habari ya vitu, kila mtu nyumba yake ikasinyaa ghafla.

"Kwangu kuna unyevu," akasema muuza mkaa.

"Unyevu, na huo mkaa unaulaza wapi?" mkunga akamuuliza.

"Na wewe je?"

"Mimi mume wangu anakoroma. Spika itaona aibu."

Mwenyekiti mpya akajikohoza. "Bibi, si vikae kwako kwa muda tu? Wewe umeshavizoea."

"Haya," Mama Koplo akasema, akachukua mkoba wake akaondoka.

Asubuhi nikamwona anatoka na viti viwili, kimoja kila mkono, mgongo umepinda. Akavitua mlangoni kwa muuza mkaa, akapumzika juu ya kimoja, akarudi kuchukua vingine. Fundi cherehani akaja mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Jamani Bibi, lete nikusaidie!"

"Usinisaidie. Ukinisaidia utajiona umemaliza, kesho utanirudishia. Vya kwako utavikuta mlangoni."

Akaendelea, mlango hadi mlango. Mtaa mzima ukasimama kumwangalia kwa aibu. Mkunga ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingiza vyake ndani. Wengine wakafuata. Kwangu akalivingirisha sufuria kubwa kuliko yote.

"Hili lako, muongo wee. Ukikosa pa kuliweka, lala humo."

Nikaliingiza uvunguni. Tangu hapo nalala karibu na dari kuliko mjusi.

Jioni nikaenda kumjulia hali. Sebule ilikuwa tupu, sakafuni kumebaki alama za miguu ya viti. Makochi yake mwenyewe alishayagawa zamani kupisha vitu vya chama. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha yote, mikono imelegea mapajani.

"Bibi, nikuletee kiti kimoja basi?"

"Kiti?" Hakufumbua macho. "Kiingie humu, nitakupiga nacho. Toka, baba, nifungie mlango."

Nikaufunga. Sijafika mbali nikakutana na watu wawili wa mtaa wa nyuma, wamefiwa, wanakwenda kubisha hodi kwa Bibi. Nikawapa pole, nikawashika mkono, nikawageuza kuelekea kwa fundi cherehani.