Bati Kati ya Jiko na Banda

Baba mkwe wangu aliletwa kutoka Ileje mwezi wa pili, mguu wake wa kulia umevimba, na siku hiyohiyo nikasimamisha bati kati ya mlango wa jiko langu na mlango wa banda la uani. Banda hilo alilijenga marehemu Jairo, mume wangu, kwa ajili ya kuwekea mahindi. Ni la matofali, lina taa, lina kidirisha nyuma. Nililipaka chokaa, nikaingiza kitanda, nikamshukuru Mungu kwamba lilikuwepo.

Kwa wazee wetu wa Undali, mwanamke na baba wa mumewe hawalali chini ya paa moja, hawatazamani, wala hawasemezani ana kwa ana. Siku hizi vijana wanacheka. Mchungaji wetu mwenyewe aliniambia hakuna andiko linalonikataza kumsalimia mzee. Nikamjibu kwamba hakuna linalonilazimisha pia. Mume wangu alikufa akijua sijaivunja heshima hiyo, na mimi sikuona sababu ya kuivunja akiwa kaburini. Jina la mzee sijalitamka tangu niolewe, miaka ishirini na sita. Majirani wanamwita Mzee Amoni. Hapa nimeliandika. Nadhani kuandika si kutamka.

Lakini kuongea tunaongea. Yeye huongea na bati, mimi huongea na kuku.

"Wewe bati," husema asubuhi, "mwambie mwenye nyumba kwamba uji wa leo ulikuwa na chumvi ya kuwatosha ng'ombe wawili."

"Ninyi kuku," najibu nikiwamwagia pumba, "mwambieni mgeni wetu kwamba mwenye nyumba kazeeka, haoni tena kijiko."

Ndivyo tulivyokuwa tunaishi, kwa amani, mpaka Jumatatu moja ya mwezi wa tatu aliponipigia simu wifi yangu Tusekile, dada mdogo wa marehemu.

Tusekile anaishi Kitwe, Zambia. Alimfuata huko dereva wa malori ambaye baba yake alimkataa. Ng'ombe wa mahari walipoletwa, mzee aliwarudisha njia waliyojia, na tangu siku hiyo, miaka kumi na moja, baba na binti hawajasemezana. Alipokuwa hai, Jairo ndiye aliyebeba salamu huku na huku. Alipofariki, salamu zikakosa mbebaji.

"Wifi," aliniambia, "Alhamisi asubuhi napasuliwa tumbo. Kisu sikiogopi. Naogopa kulala pale mezani huku baba bado ana neno na mimi."

"Nitamwambia."

"Akikataa?"

"Akikataa nitakwambia amekataa. Sikufichi."

Jioni niliwaeleza kuku habari yote, polepole, ili asikose hata neno. Upande wa pili wa bati nikasikia fimbo yake ikichorachora udongo.

"Wewe bati," akasema mwishowe, "mwambie mwenye nyumba kwamba neno lipo. Na kwamba nimechoka nalo."

Kwetu, mzazi mwenye neno na mtoto wake hujaza maji mdomoni, akayatema kwa kuyapuliza mbele ya mtoto, kisha akasema waziwazi kilichokuwa kinamkaba. Maji yakishatoka, neno limetoka. Hufanyia kizingitini kwake mwenyewe, na mtoto lazima aone. Niliwauliza kuku kama haitoshi kumpigia tu Tusekile akasikia sauti.

"Kwa sauti hata mwongo anaweza kusema ametema," mzee akaliambia bati. "Aone."

Kuonana kwa simu kulihitaji intaneti, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Sisi tunakaa pembeni mwa Tunduma, kwenye mteremko unaotazama Zambia. Nyuma ya nyumba simu huacha mtandao wa kwetu ikashika wa ng'ambo, na kifurushi kinaisha kabla hujamaliza salamu. Ndiyo maana binti yangu Dina, anayesoma uuguzi Mbeya, aliniletea kile kisanduku cha intaneti cha nyumbani, ili Jumapili tuwe tunaonana. Kinakaa juu ya kabati sebuleni na kinafanya kazi vizuri. Tatizo ni kwamba kinafanya kazi sebuleni, na mzee yuko bandani.

Jumanne nilimwita jirani yangu Goodness, ambaye ana duka la kutoa fotokopi na anazielewa mashine. Alikuta kisanduku nimekifunika kitambaa changu cha kufuma, kile cheupe chenye maua.

"Mama Dina," akasema, "umekivalisha shela. Kinaolewa lini?"

"Vumbi, mama."

"Vumbi gani? Kinapumulia wapi?" Akakivua, akachukua simu yangu, akaenda bandani. Alirudi akitikisa kichwa. Akakihamishia kisanduku dirishani jikoni. Akaenda tena, akarudi tena. Mwisho tulivuta waya wa umeme mpaka bandani, akakiweka pembeni ya kitanda cha mzee. Huko kikawasha taa nyekundu, kikakosa mtandao kabisa. Sebuleni kinatazamana na mnara. Bandani kinatazamana na mteremko.

"Umbali," Goodness akasema. "Kuna kifaa cha kusukuma intaneti mbele. Naweza kuagiza Mbeya, Ijumaa kitakuwa hapa."

"Ijumaa atakuwa ameshapasuliwa."

Akafikiri. "Basi mzee aingie sebuleni. Wewe uje ukae dukani kwangu saa nzima. Nani atakayekufa?"

Mzee alimsikia. Goodness si mkwe wake, kwa hiyo alimjibu mwenyewe, kwa sauti ya kawaida. "Binti yangu, nyumba anayolala mke wa mwanangu siingii, hata awe amesafiri kwenda Dar es Salaam. Na maji ya kinywa changu hayatemwi kwenye kizingiti cha mtu mwingine."

"Mzee Amoni, dunia imebadilika."

"Imebadilika. Ndiyo maana nataka kutemea maji kwenye simu."

Goodness alicheka mpaka akajishika kiuno, kisha akaenda kufungua duka. Mimi nilibaki nimekaa. Jioni Tusekile aliandika ujumbe: *Vipi?* Nikamjibu, *Hajakataa. Tunatafuta njia.* Nililala na maneno hayo, na sala yangu ilikuwa fupi: Bwana, nifumbue macho.

Jumatano asubuhi, baada ya kufagia, niliishika simu na kuanza kutembea uani. Mimi niliishia darasa la saba, mambo ya mawimbi siyajui. Lakini kuangalia najua. Pale juu ya kioo kuna alama ya intaneti kama vipinde vilivyopangwa, na Goodness alinionyesha kwamba vikijaa ni vizuri, vikififia ni vibaya. Mlangoni jikoni vilijaa. Kwenye kamba ya nguo vilijaa. Nikaenda mpaka banda la kuku, ambalo liko mbali kuliko banda la mzee, nikidhani huko hakuna kitu. Vilikuwepo viwili, na picha ya Dina ilifunguka.

Kama shida ni umbali, kuku wanapataje intaneti na mzee hapati?

Nilirudi taratibu, simu mbele yangu kama taa. Kipinde hakikupungua. Nilipofika kwenye bati niliupitisha mkono tu upande wa pili, mwili wangu ukabaki huku. Nikauvuta. Vipinde vyote vilikuwa vimekufa. Nikausogeza mkono hatua moja pembeni, nje ya kivuli cha bati, vikaamka. Nikarudia mara tatu, maana sikutaka kulisingizia bati.

Nami ndiye niliyelisimamisha. Nililichagua zima, lisilo na tundu hata la msumari, ili jicho lisipite.

"Ninyi kuku," nikasema, na sauti yangu haikuwa na mzaha, "mwambieni mgeni wetu kwamba kinachozuia ni bati. Likitoka, ataonana na mwanawe leo."

"Likitoka," akasema, na safari hii hakusema *wewe bati*, alisema tu, "nitamwona mwenye nyumba nikiwa nimekaa hapa na shuka, mguu nje kama mtoto. Naye ataniona. Mwanangu aliniambia kabla hajafa, baba, mke wangu hajawahi kukuvunjia heshima. Nife nimeivunja mimi?"

Kwa kweli nilikuwa upande wake. Niliingia jikoni nikachambua maharage. Saa zinakwenda. Tusekile yuko Kitwe, amefungwa kitambaa cha hospitali mkononi, anasubiri. Nilimkasirikia Mungu kidogo, nikatubu, nikaendelea kuchambua.

Maharage mengine nilikuwa nimeyaanika nje juu ya jamvi, yale majamvi ya ukindu wanayoleta akina mama wa Kamsamba pamoja na mchele. Nilipolinyanyua ili kuyakusanya, jua lilikuwa nyuma yake. Nikaona vitone vya mwanga, vingi, vidogo kama ulezi, lakini mti uliokuwa nyuma sikuuona. Nikaliweka chini. Nikalinyanyua tena. Kisha nikachukua simu, nikaiweka nyuma ya jamvi, nikainama kuchungulia kwa pembeni.

Vipinde vilijaa.

Nilikuwa na majamvi mawili. Nilichukua sindano ya kushonea magunia nikayaunga kwa kamba ya katani, mishono mikubwa, mibaya, ambayo mama yangu angeifumua. Goodness alipokuja saa nane alinikuta nashona, akavua viatu, akakaa upande wa pili wa jamvi bila kuuliza, akaanza kukaza mafundo.

"Mama Dina, hili ni la nini?"

"Pazia."

Alitazama jamvi, akatazama bati, akatazama banda. Akapiga kofi moja dogo pajani. "Na mimi nilitaka kukuagizia kifaa kutoka Mbeya."

Kulikuwa na jambo moja la kupanga. Tuliwaambia kuku kwamba jamvi litafungwa kwanza juu ya bati, kwenye nguzo zilezile, na bati litachomolewa chini yake baadaye, ili pasipatikane hata dakika moja ya uwazi. Mzee akasema, "Wewe bati, mwambie mwenye nyumba ana akili ya mwalimu." Tukafunga. Tukachomoa. Bati lilitoka likipiga kelele, kuku wakakimbia, na kati yangu na baba mkwe wangu kukawa na ukindu tu. Sikumwona. Nilisikia anavyopumua, jambo ambalo bati lilikuwa limeninyima.

Saa kumi Goodness alikaa kizingitini bandani, simu mkononi, kikombe cha maji pembeni. Mimi nilikaa kwenye kigoda upande wangu. Simu iliita, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Tata," ikasema sauti ya Tusekile. Kwetu na huko Zambia neno ni hilohilo, baba.

Nikafikiri mtandao umekata.

"Umekonda," mzee akasema.

"Wewe pia, tata. Mguu vipi?"

"Mguu ni mguu. Huyo aliye nyuma yako ndiye dereva?"

"Ndiye."

"Amepata mvi."

"Kumi na moja ni mingi, tata."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Tusekile. Nilisema ulinidharau. Nililisema kanisani, nililisema kilabuni, nikalilalia. Kaka yako alipokufa hukuja kuzika, nikasema unaona, hana utu. Mke wa kaka yako ndiye aliyetuma watu waniambie kwamba ulikuwa wodini, umejifungua mtoto mfu. Nililijua hilo mwaka mzima na bado sikukupigia. Hilo si lako, ni langu. Ng'ombe wale walikuwa wazuri. Niliwarudisha kwa kiburi."

Nikamsikia Goodness akimsogezea kikombe.

"Sasa angalia," mzee akasema. "Unaona?"

"Naona."

Nilisikia kikombe kikiinuliwa, kisha yale maji, yakitoka kwa nguvu, na Goodness akashtuka, "Jamani mzee, kioo!" Na kutoka Kitwe, kupitia kisanduku cha Dina na jamvi la Kamsamba, nikamsikia wifi yangu akicheka huku analia.

"Yamefika, tata," akasema. "Yamenilowanisha."

Waliongea mpaka nesi alipokuja kumchukua kwa vipimo. Goodness aliifuta simu kwenye kitenge chake, akaniletea, akaenda zake dukani akipenga kamasi. Nilibaki kwenye kigoda. Upande wa pili mzee naye alibaki.

"Wewe jamvi," akasema.

Nikageukia jamvi.

"Mwambie mwenye nyumba maji yamebaki kikombeni."

Sikuelewa alitaka nini. Kisha nikamsikia anajaza mdomo tena, na akapuliza kuelekea kwangu, kama kwa mtoto wake. Vitone vilipenya kwenye ukindu vikanishukia mikononi na kwenye kanga, vya baridi. Niliviacha vikauke vyenyewe.

Alhamisi sikufanya kazi yoyote ya maana. Nilipika, nikasahau chumvi kabisa, na mzee hakulalamika. Saa kumi na moja jioni ujumbe wa sauti uliingia. Niliuweka karibu na jamvi, nikafungua sauti mpaka mwisho.

"Wifi," Tusekile akasema, kwa sauti nzito ya mtu aliyetoka kwenye usingizi wa dawa, "nimeamka. Wanasema kila kitu kimekwenda vizuri. Mwambie baba nina njaa."

"Ninyi kuku," nikaanza.

"Nimesikia," mzee akasema.