Tope Kwenye Korido

Darasa likiingiza tope kwenye korido, mwalimu wake ataiosha sakafu kwa mikono yake. Sheria hiyo haikubandikwa ukutani, wala haikuwa na haja ya kubandikwa. Sakafu hiyo nyekundu ilipakwa nta kila Ijumaa, na hata watoto wa darasa la kwanza walijua kufuta miguu mlangoni.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama mtu mzima aliyebakiza muhula mmoja astaafu, alichoka kabla hajashika chaki. Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kumwambia: yule binti ambaye wenzake walimpachika jina la Kimya angerudishwa chekechea siku hiyo hiyo, kwa kuwa tangu shule ifunguliwe hakuwa amejibu swali hata moja.

"Nitakuja kumchukua kabla ya mapumziko," alisema. "Usinichukie, mwalimu."

"Nikuchukie kwa lipi? Fanya kazi yako."

Somo lilikuwa vipimo. Ubaoni kulikuwa na rula iliyochorwa. Kimya aliitazama kama mtu atazamaye ukuta. Mwalimu akaiweka chaki chini.

"Simameni. Tunatoka nje."

"Na tope, mwalimu?"

"Tope ni langu."

Nyuma ya darasa palikuwa na dimbwi refu kando ya uzio. Mwalimu akaegemea ukuta kupumzisha mgongo, akawaagiza walipime kwa hatua, ukingoni mwake, toka mwanzo hadi mwisho. Mvulana mrefu kuliko wote akapata nane. Msichana aliyemfuata akapata kumi na mbili.

"Umeongeza!" mvulana akafoka.

"Wewe ndiye umeruka! Miguu kama ya mbuni!"

Darasa zima likagawanyika na kupiga kelele. Mwalimu hakuamua, hakuwa na nguvu za kuamua. Hapo akamwona Kimya amechuchumaa topeni, akipima kwa viganja vyake vidogo nafasi kati ya alama za miguu ya yule mvulana, kisha kati ya alama za msichana.

"Hakuna aliyeongeza," alisema Kimya. "Yeye hatua zake ndefu. Ndiyo maana chache."

"Kumbe ana mdomo!" mmoja akapayuka.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama kwenye kona, mwavuli mkononi.

"Na wewe ungepata ngapi?" akamuuliza Kimya.

"Nyingi kuliko wote. Mimi mdogo."

Mwalimu mkuu akamgeukia mwalimu. "Basi abaki," akasema.

Kengele ya kipindi kilichofuata ikalia. Watoto, kwa furaha ya ushindi ambao hawakujua ni wa nani, wakakimbilia ndani bila kufuta miguu. Korido ikawa kama shamba lililopitiwa na ng'ombe.

Mwalimu mkuu akashusha pumzi. "Mama, nitamwita mfagizi."

"Umwite, halafu watoto waone sheria ni yao peke yao? Niletee ndoo."

Akapiga magoti kwa taabu. "Haya magoti yamestaafu kabla yangu," alinong'ona, akaanza kusugua. Alibadilisha maji, akasugua tena, akarudia pembeni mwa kuta ambako tope hujificha, hadi wekundu wa sakafu ukarudi. Hakumruhusu mtu kumsaidia.

"Redio imesema kesho mvua itanyesha tena," alisema mwalimu mkuu.

Mwalimu akakamua kitambaa, akakitandaza juu ya ukingo wa ndoo.

"Basi ndoo hii isirudishwe stoo."