Cahier ya Pili Haina Miguu

Niseme wazi kabisa: ile cahier ya pili ya Henri, daftari yake ya muchezo, ni bure. Bure ya bure! Na mutu asiniambie nishushe sauti, juu cahier ya kwanza njo mi niliipiga na mashini ya kuandika, page kwa page, ku bureau, na chef yangu nyuma ya mulango. Nina haki ya kukasirika kuliko bote.

Henri anachoraga ma plan ya mine, ni kusema michoro ya machimbo ya shaba. Ku kazi ni citoyen Tshimanga, juu majina ya kizungu ilikatazwa na serikali. Hapa kwetu Dilala, nyumbani mu parcelle yake, ni tata Henri kama zamani. Siku moja aliona ku ingénieur mumoja kitabu ya Kifaransa ambamo musomaji anachagua njia mwenyewe: ukitaka kuingia, fungua page hii, ukitaka kurudi, fungua ile. Akarudi nyumbani, hakulala. Akaandika ya kwetu: ufalme uko chini ya mayi ya Nzilo, kule barrage inazuia muto, na balozi, bachawi ba usiku, na banyama ya shaba, na milango saba. Tuliicheza kila dimanche kisha misa, miaka miwili, na tulicheka sana.

Kila muchezaji alikuwa na mutu wake ku karatasi. Unapewa alama kumi na munane, unagawa vile unataka: Nguvu ya kupiga, Kinywa ya kubembeleza, Miguu ya kukimbia. Mwenze, fundi wa vyuma ku atelier, aliweka kumi, kupita nusu, ku Nguvu. Mudogo wangu Bilonda aliweka Nguvu tatu, Kinywa tatu, Miguu kumi na mbili. Mwenze akacheka mpaka akakohoa.

"We unaenda vita ao unaenda soko?"

"Naenda, na narudi," Bilonda akamujibu.

Mutu wake alimuita Kapya. Na Kapya alipita milango yote saba pasipo kuua ata panya.

Bilonda alikufa mwaka jana, homa ya siku ine tu. Ile karatasi ya Kapya njo maandiko yake ya mwisho iko kwangu: namba zenye kulala upande, na tone ya mafuta pale aliwekaga beignet, mandazi yake. Nilikubali kucheza cahier ya pili juu ya kitu kimoja: nimufikishe Kapya mwisho wa safari, kisha niweke karatasi mu Biblia ya mama yetu, nipumzike.

Lakini tuko na desturi, na ni sisi benyewe tuliiweka. Mutu wa karatasi akikufa, karatasi yake inapasuliwa mbele ya bote, inaingia mu babula, jiko ya mama Ernestine muke wa Henri, kuwasha makala ya kupika bukari. Mu cahier ya kwanza tulichoma karatasi mbili mu miaka miwili. Mu cahier ya pili, mutu wa Mwenze alikufa dimanche ya kwanza, na Nguvu yake yote. Mwenze! Vita moja ilikula saa nzima: tupa dé, ile kete ya mbao ya pande sita, ongeza, andika, tupa tena, ongeza, andika, na Mulinzi wa Shaba, adui mupya wa Henri, hachoke. Tulipiga miayo kama batoto ku catéchisme.

Dimanche ya pili, zamu yangu ikafika. Nikafungua page ya Mulinzi, nikatafuta Miguu. Hakuna. Nikatafuta Kinywa. Hakuna.

"Tata Henri, Miguu ilienda wapi?"

"Niliitosha, nikaifuta," akasema, na tabasamu ya mutu mwenye kupewa médaille. "Cahier hii ni ya bakubwa. Ni vita ya kweli. Tupa dé, ongeza Nguvu, ukipita kumi na mbili unamupiga. Usipopita, yeye anakupiga. Ana pumzi kumi, we uko na sita, kila pigo inakula moja."

"Kapya ana Nguvu tatu! Nikitupa sita, inafika kenda!"

"Basi Bilonda aligawa mubaya."

Yesu wangu. Aligawa mubaya! Mutu amekufa, hawezi kugawa tena, na huyu anakaa ku chaise yake ananisemea vile mu uso. Nilitupa dé ya mbao juu ya meza, mara sita. Nilipata sita mara mbili, ata ile haikusaidia kitu. Pumzi zikaisha.

"Leta karatasi," Henri akasema. Pole pole, lakini mukono wake ulikuwa tayari wazi.

"Sileti."

"Mama Tshiela, desturi ni desturi."

"Nimesema sileti! Pasua meza, pasua nguo yangu, hii karatasi hauigusi!"

Mama Ernestine akainuka ku babula, kijiko ku mukono, akabaki kutuangalia. Mi nilitaka kitu ya kutupa. Juu ya cahier kulikuwa dé ya Henri, ile ya shaba, anaiwekaga pale upepo usifungue ma page. Mwenze aliiyeyusha ku atelier na kumupa cadeau siku tulimaliza cahier ya kwanza, na Henri hakuruhusu mutu mwingine aishike. Nikaikamata, nikaipiga ku meza na nguvu yangu yote.

Sita.

Nikaiokota nimutupie ku kichwa, ikaniteleza, ikaanguka tena. Sita.

Mwenze akasogeza chaise. "Tupa tena."

Tano. Sita. Sita. Mbili. Sita. Sita.

Mwenze akaichukua, akaigeuza ku mwanga, akashika kinywa. "Maye! Mi njo nilitoboa hizi matundu, na mèche kubwa. Upande wa sita nilitosha shaba mara sita, upande wa moja mara moja tu. Ule wa moja ni muzito, unalala chini. Sita inabaki juu."

"Tata Henri," nikasema, "wakati ulikuwa unaandika hii cahier, ulijaribu vita na dé gani?"

Akavuta cahier kwake.

"Na dé gani?"

"Na yangu," akasema. "Miezi tatu. Nkashama wangu alimuuaga Mulinzi haraka tu. Niliona ni lepesi, njo nikamuongezea pumzi."

Nkashama ni mutu wake wa karatasi, Nguvu munane, anamupenda kama kifungua mimba. Sasa nikaelewa. Miezi tatu huyu bwana anakaa peke yake anatupa sita, anashinda, anatupa sita, anashinda. Mutu kama yule atakimbia nini? Angewaza Miguu juu ya nini?

Lakini Henri, badala ya kunyamaza, akanyoosha mugongo. "Ata vile. Shujaa hakimbie. Mi niliandika cahier ya bashujaa."

Pale njo kichwa yangu ilipasuka.

"Mwezi wa tano ya sabini na munane, vita ilipoingia hapa, ulikuwa wapi, tata Henri? Jibu! Ulikuwa Likasi, ku stage, unajifunza kuchora mistari. Mi na Bilonda tulikuwa hapa. Masasi ya bunduki inapita ku mabati. Kaka yetu mukubwa, yaya Kazadi, alisema mwanaume hakimbie, akasimama ku mulango na fimbo. Na fimbo! Bilonda alinikamata mukono, tukatoka na dirisha, tukakimbia mu njia ya Nzilo, miguu uchi, siku mbili. Tuliporudi, tulimuzika Kazadi nyuma ya nyumba. Mudogo wangu alikuwa na miaka kumi na ine. Unafikiri Miguu kumi na mbili aliitosha wapi? Ati aligawa mubaya!"

Nilikuwa ninalia na hasira, na sikujipangusa.

"Kamata dé ya mbao," nikamuambia. "Leta Nkashama. Pigana."

"Mama Tshiela..."

"Pigana!"

Akapigana. Tatu: akapigwa. Moja: akapigwa. Ine, kumi na mbili kamili, haikupita: akapigwa. Tano, akamupiga Mulinzi mara moja, akapumua. Mbili. Tatu. Nkashama akabakia na pumzi moja, Mulinzi kenda. Henri alishika dé mu kiganja, hatupi. Jasho ilimushuka ku sikio.

"Basi," akasema, "Nkashama anarudi nyuma."

"Page gani?" nikamuuliza.

Akafungua cahier. Akageuza page moja, ingine, ingine tena, kitabu aliandika yeye mwenyewe, anatafuta mulango. Tulimungoja. Akafika ku kifuniko, akaanza tena ku mwanzo.

"Baba Henri," mama Ernestine akasema, "makala inazimika. Tupa."

Akatupa. Moja.

Nilipasua Nkashama mi mwenyewe, mara ine, nikamupa mama Ernestine. Henri aliangalia moto mpaka karatasi ikakuwa majivu. Kisha akachukua kalamu, akarudi ku page ya kwanza, akaandika juu kabisa, kwa ile mwandiko yake safi ya ma plan: *Kila mutu anaweza kukimbia. Dé na Miguu. Akipita kumi na mbili, anaishi.* Akanisukumia dé ya mbao pasipo kuniangalia.

"Anza tena ku pumzi ya kwanza," akasema.

Nilinyoosha karatasi ya Bilonda juu ya meza, nikatupa. Mbili. Mbili na kumi na mbili, kumi na ine.

"Kapya anakimbia," nikasema.

Henri akaandika: anaishi.