Pua ya Dada

Mimi ni fundi wa magari, na niseme mapema: nilikuwa na kichwa kikubwa. Ndiyo maana shemeji yangu, mume wa dada, alipotaka kuing'oa injini ndogo ya boti yake na kuweka ya silinda nane, sikumwambia atafute fundi wa boti. Nilimwambia, "Shemeji, injini ni injini. Nipe wiki mbili."

Boti ilikuwa ya kuvusha abiria, na miaka yote aliyeshika usukani alikuwa dada. Shemeji alikata tiketi na kupiga soga; mwenye kuijua kazi alikuwa dada. Ndiye huyo huyo aliyenibeba mgongoni utotoni, mama akiwa kazini. Spana ya kwanza niliyoishika, yeye ndiye aliyeninunulia.

Injini niliipata kwenye lori lililopinduka. Ilikuwa nzito kama kabati lililojaa nguo. Tuliishusha kwa mnyororo, nikaimarisha mbao za chini, nikabadilisha mabomba ya moshi. Juu yake, pa kuchanganyia petroli na hewa, nikafunga kabureta ya gari niliyoifufua kwa mikono yangu mwenyewe. Muuza spea alikuwa ameniambia kwamba boti ina kabureta yake.

"Ya gari ikifurika, petroli inamwagika nje," alisema. "Barabarani upepo unaichukua. Kwenye boti itakwenda wapi?"

Nilimjibu kwamba sijaanza ufundi jana.

Siku ya majaribio shemeji alialika nusu ya mtaa. Asubuhi nilikuwa nimeiwasha injini kidogo, ikanguruma vizuri, nikaizima na kwenda kubadilisha shati. Niliporudi, wageni walikwisha kaa. Dada akashika usukani, akatia ufunguo, halafu mkono wake ukasimama.

"Petroli inanuka," alisema.

"Dada, hii ni injini, si birika la chai," nilimjibu kwa sauti ya kusikika gati zima. "Ulitaka inukie maua?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Hii inatoka chini. Hebu fungua uangalie."

Nilifungua kifuniko, nikawapa watu mgongo. Nikashusha mkono chini ya injini, kwenye tumbo la boti ambako maji kidogo hutuama siku zote. Vidole vilirudi na petroli. Wala si matone. Ilikuwa imetanda juu ya maji yote, na mvuke wake ukaniwasha macho. Angezungusha ufunguo ule, cheche moja tu ingetosha, na wa kwanza kuungua angekuwa yeye.

Maneno yenyewe yalikuwa matatu: nimekosea, shukeni wote. Nikawatazama watu wale waliokuja kuona kazi ya mikono yangu. Nikafuta vidole kwenye suruali.

"Pakavu kabisa," nilisema. "Dada amenusa woga wake mwenyewe." Kisha nikauchomoa ufunguo, kwa sababu ingawa nilikuwa mwongo sikutaka kuua mtu. "Mwenye hofu hashiki usukani. Tutajaribu kesho."

Wageni wakashuka wakinung'unika. Shemeji alimgeukia dada mbele za watu. "Umetutilia mchanga kitumbua chetu," alimwambia. Dada alinitazama mimi, akangoja. Nilijifanya natafuta spana.

Walipoondoka wote nilikausha petroli kwa matambara, nikaosha tumbo la boti kwa sabuni mara tatu, nikaing'oa kabureta yangu. Kesho yake nilirudi kwa muuza spea kuchukua ya boti, pamoja na feni ya kutoa mvuke. Hakuniuliza kitu. Alinifungia mzigo huku akitazama pembeni, na hilo liliniuma kuliko kama angenicheka.

Boti iliruka juu ya maji hadi shemeji akapiga makofi. Usukani akapewa binamu yake. Dada akahamia kwenye tiketi, na pale gatini wakampa jina: Mama Pua. Mtu akichoma takataka, wenzake husema, "Mwulizeni Mama Pua kinachoungua ni nini." Alicheka pamoja nao. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Kila nilipomtembelea aliniandalia chakula, nami nilikila kwa shida.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ya miezi minne, na niliipita kila siku.

Asubuhi moja binamu alipatwa na homa. Abiria walikwisha panda, nami nilikuwa pale nikimalizia kukaza mkanda wa pampu. Shemeji akamwambia dada ashike usukani. Alikaa, akatia ufunguo, na mkono ukasimama vile vile. Akaniita kwa sauti ya chini.

"Njoo, mdogo wangu. Ninusie."

"Kuna harufu?"

"Mimi naona kama hakuna. Lakini pua yangu siiamini tena. Niambie wewe, niwashe au nisiwashe?"

Boti ilikuwa safi. Ningesema "washa" tu, na ningekuwa nimesema kweli. Lakini alinikazia macho akingoja ruhusa, yeye aliyeendesha boti ile kabla sijajua kufunga nati. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Leo hakuna," nilisema. "Siku ile ilikuwepo. Ilijaa chini ya injini, niliishika kwa mkono huu. Kosa lilikuwa langu, dada, na nikakusingizia wewe."

Nilisema kwa sauti ili abiria wasikie, maana siku ile pia watu walisikia. Shemeji alibaki ameshika kitabu cha tiketi. Hakuna aliyecheka. Nilimngoja dada anitukane, ningemshukuru.

Hakunitukana. Aliutazama ufunguo.

"Nilikwenda hospitali," alisema. "Mara mbili. Nilimwambia daktari kwamba nanusa vitu visivyokuwepo, labda kichwa changu kinaharibika. Akanipima kila kitu, akasema mimi ni mzima."

Akainua macho.

"Nikamwona mwongo yeye, mdogo wangu. Nikakuamini wewe."