Kiti Hakitoki Kabla ya Bibi

Uchaguzi ulipokaribia, mlango wa karakana yetu ulibandikwa picha tatu za mgombea mmoja, na majirani wakasema hii familia ni kitu kimoja. Nilicheka mpaka kamba ikaniponyoka mkononi. Picha zilikuwa tatu kwa sababu walioshindwa kukubaliana mahali pa kuibandika moja walikuwa watatu. Kaka yangu aliiweka ya kwake juu, pale pale marehemu baba alipokuwa akiweka zake. Mume wangu aliiweka kwenye kioo cha mlango, kwa kuwa kioo kile alikinunua yeye. Binti yangu aliiweka ya kwake chini kabisa, pembeni, kama mtu anayemsalimia jirani asiyempenda.

Karakana yetu ni ya viti tu. Ukitaka kitanda au kabati, tutakuelekeza mtaa wa pili na tutakutakia heri. Kaka ndiye aliyeirithi na ndiye anayeiongoza. Mume wangu ananunua mbao na kutafuta wateja. Binti yangu anachonga. Mimi nakaa karibu na dirisha na kusuka kamba za kukalia, na kwa kuwa kusuka kunatumia mikono na kuacha masikio wazi, nimesikia siasa nyingi kuliko wabunge.

Kaka mtaani anaitwa Kama Jana. Mwulize randa iwekwe wapi, atakwambia kama jana. Anaamini kwamba jambo lililodumu limedumu kwa sababu, hata kama sababu yenyewe imesahaulika, na kwamba mtu mmoja, hata awe na akili za kumwaga, hawezi kujua yote waliyoyajua waliomtangulia. Serikali anaitaka iwe ya heshima na ya polepole, ilinde uhuru tuliourithi, isibomoe kwa siku moja kilichojengwa kwa vizazi. Ukimbana sana anakutupia methali yake: mwacha mila ni mtumwa.

Mume wangu ni Hiari, na jina hilo alijitafutia kwa kurudia kila siku kwamba hiari yashinda utumwa. Kwake yeye, mradi humpigi mtu, humwibii wala humdanganyi, ishi upendavyo. Serikali anaitaka ndogo kiasi cha kuingia mfukoni, na hata huko mfukoni ataichunga isimwibie. Kaka humwambia kwamba watu si mbao, huwezi kuwapanga kwa mikataba tu. Naye humjibu Kaka kwamba nyinyi wahafidhina mnataka serikali itoke mfukoni mwenu, kisha mnaituma ichungulie chumbani kwa jirani.

Na binti yetu ni Kwa Nini. Tulimpa jina hilo kabla hajaota meno yote, na hajatuangusha. Alisoma vitabu vya falsafa akarudi navyo kichwani: ukweli uko pale pale hata ukiuchukia, akili ndiyo njia ya kuujua, na mtu hakuzaliwa kuwa kafara ya mwenzake, wala mwenzake kuwa kafara yake. Methali yake ni akili ni mali. Mtu angedhani yeye na baba yake wanapika chungu kimoja. Thubutu. Alimwambia baba yake kwamba anatetea uhuru bila kusema uhuru ni mwema kwa nini, kwamba hiyo ni nyumba isiyo na msingi. Na mjomba wake akambana vilevile. "Mjomba, ukitetea uhuru kwa kuwa babu aliupenda, siku akija mtu ambaye babu yake alipenda utumwa, utamjibu nini?"

Kaka alifikiri kidogo, maana si mtu wa kujibu ovyo. Kisha akasema mwulizeni huyu mwenye akili ya kujitegemea, alipokuwa hawezi kushika hata kijiko, nani alimbeba mgongoni. Aliyembeba ni mimi, na nilikuwa nimekaa hapo hapo, lakini hakuna aliyeniuliza.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na nisiwadanganye, tuliishi vizuri. Ugomvi wa maneno hauvunji sahani. Lakini kiti cha daktari wa meno kilikaribia kutuvunja.

Karakana yetu ina kanuni moja kubwa kuliko zote: kiti hakitoki kabla Mama hajakikalia. Mama yetu, yaani Bibi wa Kwa Nini, anaishi chumba cha nyuma. Kiti kikikamilika, Kaka ananawa mikono, anavua kofia, anakwenda kumchukua na kumleta kwa mkono kama bibi harusi. Mama anakaa, anatazama mbele, anasema "Haya," ananyanyuka. Hapo ndipo Kaka anachukua chuma cha moto na kupiga alama ya karakana chini ya kiti. Mteja aje na haraka zake, atangoja. Ilianzaje, hatukujua. Ilikuwa hivyo tu.

Daktari wa meno aliagiza kiti cha wagonjwa wanaosubiri, akamwachia Kwa Nini abuni mwenyewe. Kilikuwa kiti chake cha kwanza kisichofuata mchoro wa babu yake. Miguu ilikuwa miembamba bila kuwa dhaifu, na mgongo ulipinda taratibu mpaka ukatamani kuupapasa. Nilisuka kamba zake kwa mkono mwepesi kuliko kawaida, maana niliona fahari, na ya nini kuificha. Tulipokuwa tunakunywa chai, Kwa Nini akatangaza kwamba kitakapokuja kuchukuliwa Jumamosi, kitatoka bila Bibi kukikalia.

Hakusema kwa ujeuri. Alisema anampenda Bibi, lakini kiti hiki tayari ni kizuri au ni kibaya, na "Haya" ya mtu haiongezi wala haipunguzi kitu. Kama kuna sababu aambiwe, ataifuata. Kama hakuna, asiombwe kuinamia kitu ambacho hata wanaokiinamia hawakijui. Kaka akaweka kikombe chini. Akasema basi hakitapigwa alama, na kisichopigwa alama hakitoki mlango huu.

Hiari akaingilia kati kwa furaha ya mtu aliyeona njia. Karakana ni ya shemeji, akasema, kwa hiyo masharti ni ya shemeji. Mikono ni ya binti, kwa hiyo uamuzi ni wa binti. Asiyeridhika aondoke kwa amani, na hakuna aliyeonewa.

Nilimwuliza kama anajua kwamba amemfukuza mwanawe kwa amani. Chai ikampalia.

Ndipo Kwa Nini akatoa ufunguo kwenye mfuko wa aproni na kuuweka mezani. Kulikuwa na duka lililofungwa upande wa pili wa mji. Mwenye duka alikuwa amempa ufunguo akalitazame, na alitaka jibu. Alikuwa amekwisha kulitazama. Lina mwanga mzuri, akasema, bila kunitazama usoni.

Siku zote ninaposuka, nasikia randa yake nyuma yangu, na kwa mlio wake najua kama ameamka vizuri au vibaya. Anapokosea anajisonya mwenyewe kabla mtu hajamsonya. Nilijua ana haki ya kwenda. Miguu ni yake. Lakini sikutaka aende, na sikutaka kumwambia, maana ningemwambia angebaki kwa kunihurumia, na huruma ndicho kitu anachokidharau. Wao watatu walikuwa na falsafa. Mimi nilikuwa na masikio yaliyozoea randa yake.

Jumamosi ilifika. Kaka akanawa mikono, akavua kofia, akaenda kumchukua Mama, kama jana. Nadhani alitumaini binti atalainika akimwona. Kwa Nini alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, mikono juu ya mgongo wake, kama mtu anayelinda mlango. Mama akatutazama mmoja mmoja, akauliza kuna msiba gani.

Kwa Nini akamwamkia kwanza, kwa adabu zote. Kisha akauliza swali ambalo kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliuliza.

"Bibi, kwa nini unakalia viti?"

"Mimi?" Mama akasema. "Nilidhani mjomba wako ndiye anayejua."

Hakuna aliyecheka. Hiari alijaribu, nikamkanyaga mguu.

Mama akaomba kigoda changu, akakaa, akatueleza. Enzi za baba alikuwa akileta chakula karakana, na karakana ya viti, kama mnavyojua, haina pa kukaa, maana kila kiti ni cha mtu. Basi alikuwa anachagua chochote ambacho vanishi yake imekauka, anapumzisha miguu, na baba akimaliza kula anamwuliza kinakaaje. Wakati mwingine alimjibu, wakati mwingine alikuwa amesinzia. Mila ilikuwa hiyo tu. Baba alipofariki, hakukanyaga karakana tena, mpaka siku moja Kaka akaja chumbani na kofia mkononi, akamwomba aje akalie kiti cha kwanza alichokimaliza peke yake.

"Nikamwona mwanangu anakaribia kulia," Mama akasema, "nikaenda. Akaja na cha pili. Nikasema mwache, atazoea. Hajazoea mpaka leo."

Kaka alikuwa anaikunja kofia yake vipande vidogo. Akasema, polepole, kwamba yeye alikuwa anamwita kwa ajili yake. Aliogopa kwamba Mama akiachwa chumbani atajiona si wa karakana tena.

Nilimtazama binti yangu. Hapa palikuwa na kila kitu alichowahi kutuambia: watu wawili, kila mmoja anajitolea kwa ajili ya mwenzake, na hakuna anayefaidi. Angeweza kutumaliza. Alifungua mdomo, akamtazama mjomba wake na ile kofia, akaufunga. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kumbe Bibi hukutaka?

"Sikusema sikutaka," Mama akajibu. "Nimesema hakuna aliyeniuliza. Na leo nyonga inauma. Aliyekichonga akikalie mwenyewe, mimi nirudi nikalale."

Kaka akatafakari, akasema mradi kuna atakayekalia kabla ya alama, mila haijaachwa, imerekebishwa kidogo ili ibaki. Hiari akasema mradi hakuna aliyelazimishwa, yeye hana neno. Na Kwa Nini, baada ya kutafuta kosa katika hoja hiyo na kulikosa, akakubali kwamba aliyetengeneza ndiye anayepaswa kujibu. Kwa mara ya kwanza watu hawa watatu walikuwa wamekubaliana jambo moja, kila mtu kwa sababu yake, kama zile picha mlangoni.

Akakaa. Alikuwa ameshakikalia mara nyingi, lakini kwa haraka, akiwa na kipimo mkononi. Sasa alikaa kama mgonjwa mwenye jino bovu na foleni ndefu. Tukamngoja. Uso wake ukabadilika kidogo, akasogea nyuma, akasogea mbele.

"Si kibaya," akasema mwishowe. "Lakini si kile nilichokiona kichwani. Mgongo unanisukuma. Hakitoki leo."

Kaka akafumbua mdomo kusema nilikwambia, na Hiari akafumbua wake, maana naye alijiona ameshinda. Niliwatazama wote wawili kwa jicho ambalo familia nzima inalijua. Wakafumba. Binti yangu akakibeba kiti mwenyewe hadi kwenye meza yake na kuanza kukifungua. Mimi nikampigia simu daktari wa meno. Akacheka, akasema wagonjwa wake wamezoea kuumia, wiki moja haitawaua.

Wiki ile sikulala vizuri, maana ufunguo ulikuwa bado kwenye aproni na nilikuwa nausikia ukigonga akiinama. Lakini randa nayo niliisikia, na ilikuwa inaimba. Kaka hakumwingilia. Siku moja tu alipita mezani kwake, akaweka kipande kidogo cha chuma, akaenda zake. Alikuwa amemtengenezea alama yake mwenyewe, ya kupigwa pembeni ya ile ya zamani. Kwa Nini akaigeuza mkononi muda mrefu, na hakuuliza kwa nini.

Jumamosi iliyofuata akakikalia tena, akanyanyuka akiwa ametulia. Kaka akatia vyuma motoni. Hakunawa mikono. Hakwenda chumba cha nyuma. Nilimwona akitazama ule mlango, nikamhurumia.

Mlango ukafunguka wenyewe. Mama akaingia na fimbo yake, bila wa kumshika mkono. Kaka akakurupuka kwenda kumpokea.

"Tulia hapo," Mama akamwambia. "Leo hakuna aliyeniita."

Akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti. Akakaa, akaegemea, akafumba macho. Hakusema "Haya." Binti yangu alikuwa amesimama mbele yake akijifuta mikono kwenye aproni, na mikono ilikuwa safi. Huyu ndiye aliyetuambia kwamba neno la mtu haliongezi wala halipunguzi kitu.

"Vipi, Bibi?" akauliza.

"Unajua mwenyewe."

"Najua. Lakini nakuuliza."

Mama akafumbua macho, akamtazama mjukuu wake. "Kama babu yako angenitengenezea hiki," akasema, "ningeleta chakula mara mbili kwa siku."

Kwa Nini akacheka na macho yakamlenga machozi, akageuka ili tusiyaone, tukajifanya hatukuyaona. Akatoa ufunguo mfukoni, akampa baba yake amrudishie mwenye duka na amshukuru sana. Hiari, kwa kuwa ni Hiari, akataka kuhakikisha. Akamwuliza kama anabaki kwa ajili ya mama yake.

"Hapana," akasema. "Nabaki kwa ajili yangu."

Nikainamia kamba zangu nikiwa na furaha ya kutosha mtu na jirani yake. Anayebaki kwa ajili yako, utamshukuru kila asubuhi mpaka uchoke. Anayebaki kwa ajili yake, unamsalimia tu, mnaendelea na kazi.

Daktari wa meno alikuja mchana kuchukua kiti chake. Ikabidi asubiri kidogo, amesimama, maana Mama alikuwa amesinzia juu yake na hakuna aliyetaka kumwamsha.