Picha ya Julieth kwenye Ubao wa Mninga

Fundi seremala Renatus wa Chemchem, Tabora, aliamini gundi kuliko alivyomwamini jirani. Mwanawe Julieth, mtoto wa miaka minne, alipofariki kwa homa, Renatus aliichukua picha pekee iliyobaki, maana nyingine zilikuwa kwenye simu na simu iliibiwa stendi, akaibandika juu ya ubao wa mninga. Mkewe hakumwuliza. Fremu ya kioo hakuitaka; kioo huvunjika, alisema. Jamani, mafundi na ujuaji wao!

Kiangazi chote picha ilitulia ukutani. Mvua zilipoanza, mninga nao ukaanza tabia yake. Ubao ukinywa unyevu hunenepa kwa upana, kukatisha nyuzi zake, ile mistari ya mti. Kwa urefu haujali. Renatus alilijua hilo vizuri, na kila mlango aliotengeneza aliuachia nafasi. Kwa picha ya mwanawe alisahau. Karatasi haikuweza kunenepa pamoja na mti, na gundi haikukubali kuachia. Basi picha ikaanza kuchanika kutoka chini, ufa ukafuata nyuzi, ukapanda kwenye gauni la mtoto mpaka kidevuni.

Levina, mkewe, alikuwa ameshafunga mizigo ya kurudi kwao Igalula. Treni ilikuwa ya jioni.

"Nipe mwanangu niende naye," alisema, "kabla ufa haujafika usoni."

Renatus alijaribu kubandua pembe moja kwa kisu. Karatasi ikaanza kuchunika. Na roho yake, Mungu amsamehe, ikafurahi. Isipobanduka, huyu mwanamke ataondokaje?

"Haitoki, Levina."

"Levina! Tangu tumzike unaniita Levina. Nilikuwa Mama Julieth humu ndani. Mtoto kafa, na wewe ukanivua umama kama nguo ya kuazima? Nikilia, huyoo, umekimbilia randa yako!"

Renatus akaweka kisu chini. Mababu zake Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka pwani, kwa miguu. Yeye jina la mwanawe tu lilimshinda kubeba.

Akaugeuza ubao, uso wa mtoto ukalala juu ya kanga, akaanza kupiga randa mgongoni mwa ubao. Kama picha haitoki kwenye mti, basi mti utoke kwenye picha. Alifuata nyuzi, kwa kuwa mninga una nyuzi za kupindapinda. Ukienda kinyume chake randa hung'oa kipande kizima. Levina akashika ncha ya pili. Tangu msiba hawakuwa wameshika kitu kimoja wote wawili.

Mwanzoni Renatus alikwenda polepole ili treni imwache mkewe. Ubao ulipokuwa mwembamba, akaenda polepole kwa ajili ya mtoto, jasho likimtoka, akisahau treni kabisa. Maranda yalimfunika miguu.

Mwishowe ubao ukabaki mwembamba kama ganda la kitunguu. Aliponyanyua mkono, ubao ukajikunja wenyewe kwa upana, picha ikiwa ndani, uso wa Julieth mzima. Levina akaupokea, akauviringisha kwenye kanga, akainama, akauweka mgongoni na kufunga kanga kifuani, vilevile kama alivyokuwa akimbeba mwanawe.

"Usinisindikize," alisema.

Renatus alitaka kusema baki. Alitaka kusema nimekosa. Lililotoka likatoka kwa taabu.

"Kwa heri, Mama Julieth."

Levina akasimama mlangoni, mabega yakimtetemeka, na kile kifurushi mgongoni kikitetemeka naye. Hakugeuka.

"Ungelisema hata jana, Baba Julieth. Jana ningebaki."

Akatoka. Renatus akapiga magoti kwenye maranda, akalia kwa sauti kilio alichomnyima mwanawe makaburini.